Chumba cha Kuwasikilizia Watoto

Mheshimiwa Waziri unayeshughulikia masuala ya watoto, Mheshimiwa Hakimu Mfawidhi, waheshimiwa mawakili, maafisa wa polisi, ndugu wageni waalikwa, nanyi wafanyakazi wenzangu mliosimama nyuma kwa sababu viti vimetuishia: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Nimeombwa niseme machache kabla utepe haujakatwa. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, na kazi yangu hapa mahakamani ni kuwasindikiza watoto wanaokuja kutoa ushahidi. Nitaeleza jinsi chumba hiki kilivyopatikana, na itanibidi nilitaje na kosa langu, maana mficha maradhi kifo humuumbua.

Miaka sita iliyopita aliletwa hapa binti wa miaka tisa. Alikuwa yatima, akilelewa na baba yake mdogo, na mwalimu wake wa darasa alikuwa ameona mkononi mwake alama tatu za kuunguzwa na pasi. Polisi walifanya kazi yao, daktari akafanya yake, shauri likafika mahakamani. Siku ya ushahidi tukamsimamisha mtoto yule ukumbini, hatua nne tu kutoka kizimbani aliposimama baba mdogo. Mwendesha mashtaka akamuuliza, "Nani alikuumiza mkono?" Mtoto kimya. Akaulizwa tena kwa upole. Kimya. Mara ya tatu akasema, "Nilianguka."

Nilirudi mezani kwangu nikaandika taarifa: shahidi hana ushirikiano. Maneno matatu, na sahihi yangu chini. Je, ndugu zangu, mtoto wa miaka tisa ataonyeshaje ushirikiano mbele ya ukumbi uliojaa watu wazima, huku yule anayempa chakula akimkodolea macho?

Mpiga chapa wetu, huyu mama aliyekaa safu ya pili na ambaye hapendi kabisa kutajwa, ndiye aliyepewa taarifa ile aichape. Hakuichapa. Alinifuata nayo.

"Dada, mtoto umemwandika vibaya."

"Nimeandika nilichokiona."

"Wewe ulikaa nyuma yake, mimi nilikaa pembeni. Kila akiulizwa, yule bwana anakohoa. Na kila akikohoa, mtoto anavuta mkono wa gauni lake kufunika makovu. Uliliona hilo?"

"Sikuliona."

"Basi andika kwamba hukuliona."

Nilikasirika, sitaficha. Nilijiambia kwamba mimi nina shahada na yeye ana mashine. Lakini neno lile nilikwenda nalo nyumbani, na asubuhi yake nikaandika taarifa nyingine.

Mheshimiwa Hakimu alikubali mtoto asikilizwe upya, katika chumba cha mpiga chapa. Wakili wa utetezi alipinga, na alikuwa na haki ya kupinga, kwa sababu mshtakiwa lazima asikie anachoshtakiwa. Ndipo fundi umeme wetu, tunayemwita Koleo, alipopitisha waya dirishani, kipaza sauti huku, spika kule ukumbini. Mshtakiwa na wakili wake wakasikia kila neno, na maswali yao wakayaandika kwenye karatasi yakaletwa kwa hakimu. Kukohoa alikohoa, lakini waya wa Koleo ulikuwa wa kwenda upande mmoja tu.

Mtoto alizungumza kwa dakika arobaini. Aliomba maji mara moja. Alipomaliza akauliza, "Nimesema vizuri?" Hakimu akamjibu, "Umesema, na tumekusikia." Baba mdogo alifungwa, na mtoto akahamia kwa mama yake mkubwa.

Baada ya hapo Wizara ilituma watu, wakakipima chumba kile, wakatuhoji, wakaandika mwongozo. Sheria ikarekebishwa, na sasa kila mahakama ya wilaya itapata chumba kama hiki. Serikali imefanya, na haki yake tuipe. Mheshimiwa Waziri, wahenga walisema kawia ufike, nasi tumefika. Lakini wakati barua zilipokuwa zikitembea kutoka ofisi hadi ofisi, watoto thelathini na mmoja walitoa ushahidi wao katika chumba kile cha mpiga chapa, katikati ya makabati ya majalada. Kwa hiyo nina ombi moja: ufunguo wa chumba hiki ukae kwa karani wa zamu, usikae mfukoni mwa mkubwa aliyesafiri kikazi.

Binti yule sasa ana miaka kumi na mitano. Nilimpigia simu kumwomba aje akate utepe.

"Shikamoo shangazi. Siku hiyo nina mtihani wa hesabu."

Nikamwambia naweza kumwombea ruhusa.

"Hapana, shangazi. Huko sitaki kurudi tena. Ila waambie kiti kiwe kifupi. Kile nilichokalia, miguu ilikuwa haifiki chini, ikafa ganzi."

Mheshimiwa Waziri, viti vilivyoletwa wiki iliyopita vilikuwa virefu vyote. Jana seremala amekikata miguu kimoja. Utakikuta humo ndani.

Nawashukuru kwa kunitegea sikio. Asanteni sana.