Njano Si ya Maji ya Kunde

ELINA: Haloo? Nani mwenzangu?

ANYITIKE: Ugonile, Eli. Mimi hapa, Anyitike.

ELINA: Anyi! Subiri nitoke jikoni, mvua inapiga bati sisikii kitu... Haya, sema. Ndizi zimefika salama?

ANYITIKE: Zimefika, nimeshashusha. Saa hizi niko Mwanjelwa, duka la vitenge. Salio dogo, nisikilize haraka. Wewe msusi, una jicho la rangi—

ELINA: Vitenge vya nini?

ANYITIKE: Vya... begi. Begi la bibi harusi.

ELINA: [anacheka] Ee Kyala, Mungu wangu! We mwanaume! Jambo kama hilo unalipigia simu? Si ungeniacha nivione nikifungua!

ANYITIKE: Eli, sikia—

ELINA: Sikia wewe! Mama yumo humo jikoni anamenya ndizi. Kila Jumapili wimbo ni huo huo, "Huyo Anyitike wa Kiwira, mshenga wake kapotelea wapi?" Nami namwambia subira yavuta heri. Leo nitamjibu kwa mdomo mpana!

ANYITIKE: Usimwambie kitu kwanza.

ELINA: Haya, siri yetu. Sasa sisi maji ya kunde tuchukulie rangi ya damu ya mzee. Na kijani kile kizito, kama chai iliyokomaa. Rasta za kahawia. Njano usiguse! Njano inanifubaza, naonekana nimetoka kuumwa malaria.

ANYITIKE: Na mtu... mweusi?

ELINA: Mweusi nani?

ANYITIKE: Mweusi ti. Wa kung'aa.

ELINA: Dada yako? Mnashona sare?

ANYITIKE: Anaitwa Tulinagwe. Wa Masoko.

[simu inakwaruza]

ELINA: Sijasikia.

ANYITIKE: Umesikia, Eli.

[mvua inapiga bati]

ANYITIKE: Wazee wameshaongea. Ng'ombe wameshakwenda. Nilitaka nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa watu, ulimi ukawa mzito, nikaanza na vitenge—

ELINA: Ukaniacha nijichagulie.

ANYITIKE: Nisamehe.

ELINA: Krismasi ulikula hapa kwetu. Mama akakuchinjia jogoo wake wa pekee.

ANYITIKE: Najua. Eli, na... fundi wa gauni, tumwambie aache nafasi. Hapa mbele.

ELINA: Nafasi ya nini?

ANYITIKE: Ya... tumbo.

ELINA: Aa.

ANYITIKE: Eli—

ELINA: Mchukulie rangi ya ugoro.

ANYITIKE: Ugoro? Itamkaa kweli?

ELINA: Si umeniuliza mimi? Ugoro. Na rasta za kijivu.

ANYITIKE: Haya. Ndaga fijo, asante sana, Eli, hata sistahili. Kaka, nikatie ile pale ya—

ELINA: Ngoja! Asikate!

ANYITIKE: Nini tena?

ELINA: Rudisha hiyo. Ugoro utamuua, ataonekana kapakwa majivu, siku yake yenyewe. Chukua njano, ile iliyoiva. Na bluu nzito. Mweusi akivaa njano anawaka, hata walio nyuma kabisa watamwona. Nywele asitie rangi, asuke nyeusi tupu.

ANYITIKE: Kwa hiyo ulitaka—

ELINA: Nilitaka. Imenishinda. Yeye hajanikosea.

ANYITIKE: [kwa sauti ndogo] Anasema atakuja kusuka kwako. Ameona kazi zako, anakusifia. Hajui.

ELINA: Hajui nini?

ANYITIKE: Hajui habari za... sisi.

ELINA: Asije, Anyi. Nakuomba. Njano nimempa. Mikono simpi.

ANYITIKE: Usilie basi—

ELINA: Nililie wapi? Jikoni yuko mama, ndani wako wadogo zangu. Niache nilie hapa kwenye mvua.

ANYITIKE: Eli, salio linalia, itakatika—

ELINA: Mama huyu anakuja. Amesikia jina lako. Amenawa mikono, amejifunga kitenge kizuri, anataka kukusalimia. Nimwambie nini?

ANYITIKE: Mwambie...

ELINA: Nimwambie nini, Anyi?

ANYITIKE: Mwambie kwamba mi—

[tuu... tuu... tuu...]

ELINA: Haloo?... Haloo?... Hapana, mama, si yeye. Ni mteja. Alikuwa anauliza rangi tu.