Tata Mukalay Kyungu, Aliyeuacha Mpira Upinde

Tata Mukalay Kyungu alizaliwa Musumba, huko Kapanga, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa Tata Nkongolo na Mama Mbayo, wakulima wa mihogo. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita, akaacha masomo baba yake alipofariki.

Mwaka 1979 alifika Kolwezi, akapata kazi ya kubeba fimbo za wachezaji katika kiwanja cha gofu cha kampuni ya madini. Hakufundishwa na mtu. Alitazama tu, mpaka akajua kwa nini mpira wa wengi unapinda kuume: bega linafunguka mapema, na fimbo inaukata mpira badala ya kuupiga. Dawa yake ilikuwa kitambaa. Alikibana chini ya kwapa la kulia la mchezaji. Kikianguka kabla fimbo haijagusa mpira, kosa ni hapo. Padri mmoja alinyoosha mpira wake kwa asubuhi moja, akawaambia watu ni nguvu ya maombi. Tata hakubisha.

Tarehe 9 Agosti 1986 alifunga ndoa na Mama Ernestine Tshiela, wakajenga nyumba mtaa wa Kasulo, hapa Kolwezi. Mwaka 2014 majirani walichimba madini ya kobalti hadi chini ya chumba cha watoto, sakafu ikazama. Mwaka uliofuata mkurugenzi mpya, Bwana Dimitri, alimpa nyumba ya kampuni ili amfundishe gofu kila Jumamosi. Akamwambia, huku akicheka, kwamba siku mpira wake yeye mkurugenzi utakaponyooka, kazi ya Tata imekwisha na nyumba ataiacha.

Msigune, sisi wa familia tumekubaliana nyumbani tuyaseme yote. Kwa Bwana Dimitri kitambaa kilibaki mfukoni. Tata alimrekebisha vidole, akamsogeza miguu, bega akaliacha kama lilivyo. Miaka kenda mpira ulipinda kidogo tu. Kila Jumamosi alitoka na hofu mbili: ukipinda sana, ataambiwa hajui kazi, ukinyooka, watoto watalala wapi? Alitamani kurudi Musumba kulima, asiweze. Na aliona haya, maana alikuwa fundi aliyeficha ufundi wake.

Abigaël, kitinda mimba, alipata diploma ya taifa ya kumaliza sekondari mwaka 2024, wa mwisho kati yetu kumaliza shule. Jumamosi iliyofuata, miguu ikiwa imeshavimba kwa ugonjwa wa figo, Tata alikitoa kitambaa. Mpira wa tatu ulikwenda moja kwa moja. Bwana Dimitri akamuuliza alijua tangu lini.

“Tangu siku ya kwanza, patron. Batoto yangu balikuwa mu nyumba yako.”

Bwana Dimitri alishika kichwa. Alisema yale maneno yalikuwa mzaha, hata hakuyakumbuka. Tata akarudi nyumbani, akaketi bila kuvua viatu.

“Myaka kenda, Mama Godefroid,” alimwambia mkewe, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. “Ule mutu alikuwa anacheka tu.”

Siku mbili hakula. Tulimwahidi kumpeleka Musumba kiangazi cha mwaka huu, barabara ikikauka, lakini figo hazikungoja. Alifariki hapa Kolwezi tarehe 2 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka 64. Inatuuma sana.

Ameacha mjane, Mama Ernestine. Watoto wanne, Godefroid, Louise, Tania na Abigaël. Na wajukuu saba. Bwana Dimitri ametuma salamu za rambirambi, na kusema familia ikae katika nyumba ile kadiri itakavyo. Mama Ernestine ameshukuru, akamwomba aliandike neno hilo na kulitia sahihi.

Pumzika kwa amani, Tata. Hapo ulipo hakuna wa kukuhamisha.