Chumba Kimoja Karibu na Hospitali

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Viongozi wa dini. Madaktari na wauguzi wetu. Ndugu zetu wa Bukoba, Muleba na visiwani: tunawasalimu.

KARIBU MARUKU

Umetukuta tunacheka, usidhani umekosea mlango. Sisi ndio wagonjwa wa saratani, waliopona na wanaowauguza. Ukimwona asiyecheka, jua ana kahawa ya kutafuna mdomoni.

TULIKOTOKA

Kikundi hiki kilizaliwa kwa makosa, uani kwa Ma Klaudia. Kwetu mtu akifiwa, jirani haji mikono mitupu. Huleta mkungu wa ndizi na kuni. Sasa Klaudia alipopimwa titi, neno saratani likamtangulia kijijini. Siku hiyo anarudi kutoka kuchuma kahawa, kikapu kichwani, anakuta ua umejaa mikungu na kuni, watu wamekaa kama matangani, na mumewe Ta Mutembei katikati yao. Akauliza nani amefariki. Buberwa, jirani aliyeleta mkungu mkubwa kuliko yote, akatazama vidole vyake vya miguu.

Hapo Klaudia akaelewa. Alitaka kulia, ametuambia mwenyewe, lakini alipoutazama ule mkungu ulivyonona, akaona hasara. Akaingia ndani, akatoka na kisu.

"Menyeni basi," akasema. "Marehemu hajala tangu asubuhi."

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Chungu hakijaiva, mama mmoja akakiri kwamba naye ana uvimbe, anauficha. Kesho yake Klaudia akampeleka kupimwa. Kikundi kikaanzia hapo.

TULIPOFIKA

Klaudia alikatwa titi, akamaliza dawa, akarudi shambani. Yule mama mwenye uvimbe aliwahi matibabu. Ndiye aliyekuvika skafu sasa hivi. Sheikh na padri wanatangaza siku za kupima, kila mmoja kwake. Wanaume nao wamejifunza kupika uji wa mgonjwa. Wa Ta Mutembei bado una madonge, ila unalika.

LINALOTUSUMBUA

Mheshimiwa, linalotusumbua ni pa kulala. Kliniki huanza asubuhi, na boti ya visiwani hufika linapotaka ziwa. Mwenzetu Nuriat anaanika dagaa Goziba; alikwenda huko kutafuta maisha, Bukoba hana ndugu. Alipopata dripu ya kwanza, alilala stendi juu ya kanga yake. Dawa ikamtapisha. Watu wakadhani amelewa, wakamfukuza. Akapanda boti, akaapa harudi.

Klaudia hajui kuogelea na maji anayaogopa, lakini alivaa jaketi la kuokolea akamfuata. Alimkuta anageuza dagaa. Akamsihi, akamwonyesha kovu lake, akamtania kwamba saratani ndiyo inayofurahi akibaki kisiwani. Nuriat hakubisha. Alisema tu:

"Dada Klaudia, saratani naiweza. Stendi siiwezi."

Klaudia, kwa ulimi usiongoja ruhusa, akamjibu kwamba chumba kitapatikana. Hakuwa nacho. Hakijapatikana hadi leo, na tangu arudi amepungua maneno, jambo ambalo mumewe anasema hajawahi kuliona.

TUNALOOMBA

Kuna nyumba ya serikali ya mtumishi pale mjini, karibu na hospitali, tupu kwa muda mrefu, popo ndio wapangaji. Tunaomba chumba kimoja. Kufagia tutafagia, magodoro tunayo, ndizi ni zetu, na zamu ya kuuguza tumeshapangana.

Mheshimiwa, Nuriat yupo, benchi la pili, kanga ya kijani, mfuko wake mapajani. Alikubali kuja asikie kwa masikio yake. Dripu ya pili ni Jumatatu, na boti ya kurudi Goziba inaondoka kesho. Basi ukisimama kujibu, sisi usitutazame. Mtazame yeye.

Mungu akupe afya, akupe na watu wa kukuuguza siku ukiwahitaji.

Ni sisi,
Kikundi cha Bado Tupo,
Bukoba na Muleba.