Kanda ya Milio Kumi na Miwili

Kaeni, wanangu. Na wewe fundi, acha kusimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuulizia njia. Ingia, vuta hicho kiti, ukae karibu na dada yako, maana leo nataka kuwaona nyote wawili bila kugeuza shingo. Daktari amenificha, nanyi mmenificha, lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi si mtoto wa kudanganywa kwa peremende. Nikinyamaza katikati ya neno msikimbilie kulia. Navuta pumzi tu, nitaendelea.

Nianze na mepesi. Nyumba hii ni yenu wote, wala asitokee wa kumfanya mwenzake abishe hodi. Vitabu vyangu wapeni maktaba ya chuo, na wasipovitaka msiwalazimishe, wana vumbi lao la kuwatosha. Lile sanduku la vifaa lililo chini ya kitanda ni la fundi, na wewe binti yangu usinune, kwa sababu tangu utotoni ukipewa spana unagongea misumari.

Sasa zito. Mama, binti yangu, ile ripoti iliyomo ndani ya mkoba wako, ambayo Jumatatu utaitia saini kama mkuu wa Shule ya Sayansi na Teknolojia, naijua. Kaka yako alinisomea yote ulipokwenda duka la dawa, na usimkasirikie, nilimwamuru. Umeandika vizuri, takwimu zimekaa kwa mstari. Umesema kwamba kwa miaka kumi na mmoja shule yetu iliwapima wanafunzi kwa mtihani wa kusikiliza mitambo, kwamba karibu wote walifaulu, na kwamba walipofika kazini hawakuwa na tofauti na waliotoka vyuo visivyo na mtihani huo. Ukahitimisha kwamba sikio halifundishiki, karakana ifungwe, na wanafunzi wafundishwe kwa picha za kompyuta. Takwimu zako ni za kweli. Hitimisho lako ni la uongo, na uongo huo si wako, ni wangu, na ndio nimewaitia.

Ninyi mmeizoea shule yenye ghorofa nne na lifti, mkadhani iliota. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Tulianzia kwenye ghala la saruji lililokuwa likivuja, wanafunzi ishirini na wanane, pampu mbili, na mashine moja ya kukereza vyuma iliyokuwa ikinung'unika kutwa nzima. Vitabu hatukuwa navyo vya kutosha, lakini muda tulikuwa nao. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kabla hajafundishwa hesabu za pampu, alisimama ameelekea ukuta, nami nyuma yake nikaiharibu pampu kitu kimoja tu, nikalegeza bolti, au nikazuia maji, au nikatia mchanga, kisha nikaiwasha, naye akasikiliza mpaka aseme inaumwa nini. Wengine walisimama pale nusu saa, jasho linawatoka, mimi nakunywa chai. Aliyekosa alirudi kesho. Tuliuita mtihani wa ukutani, na huyu kaka yako, ambaye madarasa yalimshinda, aliupita bila hata kusajiliwa, na leo ndiye fundi wa karakana nzima.

Kisha tukaanza kukua, na kukua, wanangu, kunalevya. Wanafunzi wakawa tisini, wakawa mia mbili na arobaini. Nikapiga hesabu: nusu saa kwa kila kichwa, ni saa mia moja na ishirini za mtihani mmoja. Mkuu wa chuo wa wakati ule akaniuliza, kwa upole wake ule wa kuchoma, kama tunapokea wanafunzi au tunawapanga foleni. Nikatahayari. Nikachukua kinasa sauti, nikaingia karakana Jumamosi nzima, nikanasa milio kumi na miwili ya pampu mbovu kwenye kanda moja, na wiki iliyofuata nikawaketisha wote kwenye ukumbi, nikawasikilizisha kwa saa moja, wakaandika majibu. Watu wakanipigia makofi. Nilikusudia kila mwaka ninase kanda mpya. Mwaka wa pili nilikuwa nimechoka. Mwaka wa tatu kinasa sauti kiliharibika. Mwaka wa nne, nikipita kwenye korido, nikawasikia wanafunzi wakiimba, kwa sauti tamu kabisa: moja kavu, mbili legevu, tatu hewa, nne mchanga.

Nilielewa hapohapo. Walikuwa wanarithishana majibu kama wimbo wa watoto wa mpira wa chandimu. Kwanza nilicheka, kisha nikaenda ofisini kubadilisha kanda, na mezani nikakuta barua ya pongezi: asilimia tisini na saba wamefaulu, wageni wanakuja kuiona shule, jengo la pili limekubaliwa. Nikairudisha kanda kwenye droo. Ikakaa humo, ikitoka mara moja kwa mwaka, miaka kumi na mmoja kwa jumla. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi si kwamba sikuziba, niliupaka rangi.

Na wewe, mama. Nakumbuka mwaka wako. Ulikuwa unaosha vyombo, kesho yake ni mtihani, na ulikuwa unaimba. Nilikuwa nimekaa mezani na gazeti. Niliusikia wimbo wote mpaka namba kumi na mbili, nikageuza ukurasa. Ulipata kumi na mbili juu ya kumi na mbili, nami nikakukabidhi cheti kwa mkono wangu huu, tukapiga picha. Nyie watoto mlidhani baba hajui. Baba alikuwa anajua, na alikuwa anaona raha.

Mtu mmoja alinionya. Mwalimu wa hesabu, mliyekuwa mkimwita Bwana Chaki kwa sababu koti lake lilikuwa jeupe mabegani. Watu walidhani tuligombana kwa ajili ya ratiba, yeye akitaka hesabu kwanza na mimi nikitaka mkono kwanza. Siyo. Alikuja karakana akaniambia, "Mzee mwenzangu, hufundishi tena, unaimbisha." Nikamwambia aende akahesabu chaki zake. Miaka kumi na sita hatukusalimiana, tunapishana kwenye ngazi kama watu wasiojuana, na mimi ndiye niliyekuwa nikiangalia pembeni. Fundi, nenda kwake wewe mwenyewe, usipige simu. Mwambie nimekiri. Mwambie alikuwa na haki, na anisamehe akiweza.

Mkumbuke pia zile siku tisa mji ulipokosa maji, wajawazito hospitalini wakiogeshwa kwa vikombe. Nilikuwa nimeshastaafu, wakaniita kwenye kituo cha pampu nikaangalie. Beringi zilikuwa zimeungua, mchanga umesaga kila kitu. Mhandisi wa zamu alikuwa mwanafunzi wangu, kijana mwenye adabu, wa daraja la kwanza. Nikamuuliza, mwanangu, pampu ililia usiku kucha, hukuisikia? Akasema, "Niliisikia, Mwalimu. Nilidhani ndivyo inavyosema." Nikamwambia ule ulikuwa mlio wa nne, wa mchanga. Akafikiri, akanijibu kwa heshima zote kwamba mlio wa nne anaujua, ila kwenye mtihani ulikuja baada ya wa tatu. Kijana yule alifukuzwa kazi. Mimi nilipewa chakula cha mchana na gari la kunirudisha nyumbani, nikala, nikapanda gari, sikusema neno. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu ilikuwa ndefu, maana hakuna aliyenisimamisha.

Sasa sikia ninachokuomba. Sikuombi uiokoe karakana. Najua baraza la chuo limekwisha kata shauri, mashine zinaondoka, maji yakimwagika hayazoleki. Naomba jambo moja, uandike kwenye ripoti, kabla ya Jumatatu, kwamba mtihani haukushindwa, uliuawa, na aliyeuua ni baba yako, kwa kanda moja isiyobadilishwa. Ripoti ile itasomwa na vyuo vingine. Akitokea kesho mwalimu mmoja na ghala lake linalovuja, akataka kuwasimamisha wanafunzi wake ukutani, wataifungua ripoti yako wamwambie limeshajaribiwa, halifai. Watamzuia kwa jina letu. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, si kifo.

Najua utakalosema, umeshalisema kwa macho. Ukiandika hivyo, vyeti vya watu elfu nne vinatiliwa shaka, watu wenye kazi, wenye watoto, wanaoendesha viwanda na vituo vya umeme. Na cha kwako kimo. Watauliza mkuu wa shule alifaulu vipi, na mwaka huu ndio unapandishwa cheo. Ni kweli yote. Nimelala hapa wiki tatu nikitafuta sentensi itakayosema kweli bila kumuumiza mtu, sijaipata, na mimi ndiye niliyekuwa fundi wa kutafuta tundu la kupitia. Nina ombi tu.

Inama hapa kidogo. Huu mtambo wa oksijeni ninaopumulia, tangu asubuhi umebadilisha sauti. Kaka yako amekwisha usikia, ndiyo maana ameutazama mara tatu tangu aingie; nyamaza wewe fundi, usimwambie. Weka mkono juu yake, mama. Tega sikio. Unasema nini?

Umesema husikii kitu.

Ahsante. Usione haya, umejibu kweli, wengine wangetaja namba. Ni kichujio, kimeziba vumbi, unavuta kwa shida kama mimi mwenyewe. Fundi, kitoe ukisafishe, ni kazi ya dakika mbili, nitavumilia. Taratibu. Hivyo. Unaona, mama, hana cheti hata kimoja, na kwenye ripoti yako hayumo. Hakuna safu uliyoweka kwa ajili ya watu kama yeye.

Haya. Sasa mimi nachoka. Yaliyobaki ni machache. Mnizike asubuhi, kabla jua halijawa kali, bila hotuba za chuo. Wakitaka kuliita jengo jipya kwa jina langu, kataeni, kwa adabu lakini kataeni. Ninyi wawili msikatane. Mmoja ana kalamu, mwingine ana sikio, na mimi nilizaa vyote viwili nikashindwa kuvikalisha meza moja.

Umetoa ripoti. Naiona. Na kalamu naiona. Haiandiki.

Nisikilize, mama, sogea, sauti yangu haifiki mbali. Jana nilipanga nikuambie kwamba sitakupa radhi yangu mpaka uandike. Nilipanga kabisa, nilijua ungeandika, hakuna mtoto anayezika mzazi aliyemnyima radhi. Ndiyo silaha pekee iliyobaki humu kitandani. Lakini nikakukumbuka unaosha vyombo, unaimba, na mimi nimekaa kimya kwa sababu kimya kile kilinifaa. Sasa nikutishe nini mimi?

Futa machozi. Nipeni mikono. Wako uko wapi, fundi... huu hapa. Mungu awatangulie mbele, awafunike nyuma. Msikose maji, msikose mtu wa kuwaambia kweli. Fundi, radhi yangu unayo. Na wewe mama unayo, yote, ukiandika unayo... na usipoandika unayo vilevile. Nimekwisha itoa. Siwezi tena... kuirudisha. Jumatatu ni yako. Mimi... sina la kufanya.