Moshi wa Jiko la Drusilla Chepng'eno

Mzee Johana, mchungaji, majirani wa Kimulot na ninyi mliotoka Litein na Kapkatet kwenye matope haya, mimi ni Isaiah, ndugu mdogo wa marehemu, familia imenipa nafasi ya kusoma historia yake, nami nitaisoma yote, hata ile sehemu ambayo baadhi yenu mngependa niiruke.

Drusilla Chepng'eno alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 karibu na Litein, akasoma huko huko hadi darasa la saba mwaka 1976, kisha akaanza kuchuma majani chai kwenye shamba la wazazi wetu. Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa kanisani na Johana arap Maritim, akahamia hapa Kimulot, na Mungu akawajalia watoto wawili, Chemutai na Benard, ambaye mke wake ni Fancy, mnayemwona pale akiwa mjamzito.

Kazi ya dada yangu ilikuwa chai, lakini sifa yake ilitoka jikoni, kwa mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni, ambayo wageni wa posa waliinywa wakasahau walichokuja kusema, na jiko lenyewe ni hilo la udongo lililo nyuma yenu, lisilo na dirisha, kwa sababu moshi ulitakiwa ubaki ndani ukaushe mahindi darini, dumuzi wasiyale. Alikohoa kwa miaka mingi, na kila alipoulizwa alisema ni baridi ya Mau.

Mwezi wa Juni 2024, Dorcus Okeyo, mhudumu wetu wa afya ya jamii, alitundika humo mashine ndogo ya kupima hewa, na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo uvumi ulipoanzia. Drusilla hakutaka kitu cha wenyewe kishike masizi, akawa anakifunika kwa leso kila alipowasha moto, na kukifunua akishazima na kufagia, basi watu wa afya waliokuja kusoma vipimo wakakuta hewa safi, wakamsifu, wakapeleka majiko yenye bomba la kutolea moshi kwa nyumba nyingine zilizopimwa zikakutwa na moshi. Mwezi wa Agosti Dorcus alipita bila kutarajiwa, akaikuta leso, akaitoa moto ukiwaka, taa nyekundu ya hewa mbaya ikawaka mbele ya majirani, na Drusilla akamfokea, "Wee Dorcus, rudisha hiyo nguo, utaharibu kitu ya watu!"

Wiki hiyo hiyo alilazwa Kapkatet akishindwa kupumua, na walioiona taa wakasema mashine ndiyo iliyonyonya pumzi zake, na kwamba Dorcus, kwa kuwa kwao ni upande wa ziwa na si wa kabila letu, alijua alichokileta. Daktari alitueleza wazi kwamba mapafu yalikuwa yameharibiwa na moshi wa miaka mingi, lakini uvumi ulikuwa na miguu mirefu kuliko daktari, mashine ikarudishwa kwa matusi, dada yangu akarudi nyumbani, akarudi jikoni, akalazwa tena, na tarehe 3 Februari 2025 akatutoka.

Nimesikia kuna vijana walioapa kwamba Dorcus asikanyage hapa leo. Yuko hapa, ameketi na wanawake wa kanisa, na anayetaka kumtoa aanze na mimi. Nina hasira, ndiyo, kwa sababu mkiendelea kuilaumu mashine, kesho Fancy atainama kwenye moto ule ule, na tayari nimemsikia akikohoa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi matangani, na wachumaji wenzake mliokuja na nguo za kazini. Mzee Johana asubuhi ya leo ameniagiza niseme mbele ya jeneza kwamba jiko hilo linabomolewa kabla hatujala, na kwamba yeye akishatupa udongo kaburini, anayefuata kuutupa ni Dorcus.

Drusilla, dada yangu, pumua kwa amani.