Mama Vyura na Bomba la Kiwanda cha Rangi

Karatasi ya wasifu iliyochapishwa mnayo mikononi, na nimeombwa nisome hiyo tu. Mimi ni mdogo wake marehemu, ninayemfuata kwa kuzaliwa. Nitasoma na yaliyokatwa humo.

Marehemu dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Vyura, wachache kwa mapenzi na wengi kwa kejeli, alizaliwa tarehe 9 Juni 1964, mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi mwashi na mshona nguo.

Alianza darasa la kwanza Januari 1972. Mwaka huohuo mama alifunua sufuria ya chai akakuta viluwiluwi wanaogelea. Baba alipotaka kuwamwaga, dada aliikumbatia sufuria akilia, "Subiri waote miguu kwanza!" Kwa wiki tano tulichemshia chai kwenye kopo.

Alihitimu shahada ya ikolojia Novemba 1988. Baba mdogo alimuuliza mbele ya wageni, "Miaka yote hiyo shuleni, ndiyo uje kuhesabu vyura?" Akajibu kwa adabu, "Ndiyo, baba. Wakiisha wao, tujue zamu ni ya nani."

Tarehe 15 Januari 1990 aliajiriwa na taasisi ya utafiti, akapewa kinamasi kilicho chini ya kiwanda cha rangi za nguo. Kila wiki aliingia majini na buti zake za mpira, akahesabu, akaandika. Wanafunzi kumi na mmoja walijifunza kazi hiyo kwake. Mwaka 2012 aliona viluwiluwi wasioota miguu ya nyuma. Mwaka uliofuata akakuta eneo zima halina kiluwiluwi hata mmoja. Lilianzia pale bomba la kiwanda lilipomwaga maji yake.

Aliandika ripoti. Mkurugenzi wake, ambaye leo ameketi safu ya pili, aliifungia kabatini. "Dada, umechoka," alimwambia. "Kapumzike kidogo stoo." Akahamishiwa stoo ya chupa za sampuli, chumba kisicho na dirisha. Kinamasi hakukiacha, alikwenda Jumamosi, kwa miguu yake.

Machi 2014 alisimama kwenye mkutano wa mtaa akasema waziwazi: msinywe maji ya visima vya bondeni. Mliomzomea mpo hapa. Mliovunja vioo vya nyumba yake kwa mawe mpo pia, mmevaa nyeusi. Nami sijitoi. Nilikuwa mchanganya rangi katika kiwanda kile. Nilimwendea nikamwambia, "Dada, unanitoa tonge mdomoni."

"Na maji unayoshushia hilo tonge, mdogo wangu?"

Sikumsemesha kwa miaka mitatu.

Alikuwa amefunga ndoa tarehe 7 Agosti 1993 na mwalimu wa hesabu. Shemeji ndiye aliyeviweka upya vile vioo, kimoja kimoja, na hakuna aliyemsikia akinung'unika.

Tarehe 3 Oktoba 2019 wakaguzi waliliziba bomba lile. Ushahidi wao ulikuwa madaftari ya dada, thelathini na moja. Cheti cha pongezi alikipokea mkurugenzi.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2022. Daktari hakusema ni yale maji, nasi hatutamlisha maneno. Mkurugenzi alikuja wodini na mpiga picha. Dada alimtazama, akamuuliza, "Umekuja kuniona, au kuonekana?" Picha haikupigwa. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Leo taasisi imeleta rambirambi zinazoanza, "Binti yetu mpendwa." Nimezikunja. Hazitasomwa.

Ameacha mume, mtoto wa kiume ambaye ni fundi umeme, binti aliye mwanafunzi wa mwaka wa pili wa ikolojia, ambaye tayari nimewasikia wajomba zake wakimwambia atafute kazi ya maana (nao wanyamaze), mjukuu mmoja, na ndugu wanne, mmoja wao asiyestahili kuishika karatasi hii.

Apumzike dada yetu kwa amani. Nasi tuliomnyima amani hiyo akiwa hai, tusije kuiomba kaburini kwake.