Mgonjwa wa Ushirikiano Wetu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Chuo, Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, wageni wetu waheshimiwa kutoka chuo rafiki cha ng'ambo, wahadhiri wenzangu, wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimeishia kwa wakubwa, mabibi na mabwana, nawasalimu nyote.

Nimeombwa niseme machache ya kuaga, kwa kuwa leo ninastaafu ukuu wa idara, na machache ya kuusifu ushirikiano wetu na chuo hiki rafiki, kwa kuwa leo mkataba wake unatiwa saini upya. Kuaga ni rahisi: kwaherini. Sasa niingie katika sifa.

Mkataba unasema kwamba kila mwaka wao watatuletea mtafiti kijana mmoja, nasi tutawapelekea mmoja. Wenzetu, watu wa ajabu, waliuelewa mkataba kama ulivyoandikwa. Wametuletea vijana, wakalala katika mabweni yetu, wakazoea maji kukatika, wakaondoka wakiyajua maghala yetu ya nafaka kuliko baadhi yetu. Sisi tulikuwa na busara zaidi. Tulijiuliza: je, ni haki kumtupa kijana katika nchi ya baridi kabla mkubwa hajakwenda kuipima baridi hiyo?

Basi mwaka wa kwanza alikwenda Naibu wa Utawala, kukagua mabweni. Mwaka uliofuata akaenda Mwanasheria wa Chuo, kuhakikisha kwamba mabweni yaliyokaguliwa bado yapo. Mwaka jana akaenda Mheshimiwa Makamu Mkuu mwenyewe. Aliporudi nilimuuliza, "Mheshimiwa, maabara yao ikoje?" Akanijibu kwa unyofu ambao sitausahau: "Mzee wangu, we acha tu. Kule kuna baridi!"

Nani atasema kwamba safari ile haikuleta maarifa? Na nani atabisha kwamba ujana, katika chuo hiki, umekuwa na maisha marefu?

Miaka yote hiyo, mtu aliyeteuliwa na idara yangu ni mhadhiri tunayemwita Bi Kuvu, kwa kuwa anatafiti kuvu inayoharibu nafaka maghalani. Sampuli zake zinahitaji mashine ambayo wenzetu wanayo na sisi hatuna. Bila mashine hiyo hawezi kumaliza shahada yake ya uzamivu, na muda aliopewa unakwisha mwaka huu. Ukikwisha, chuo kitamwondoa kazini kwa kosa la kutojiendeleza. Na kila mkubwa alipopanda ndege kwenda kujiendeleza mahali pake, alihitaji mtu wa kumshikia vipindi darasani. Nani alivishika? Huyo huyo.

Nilidhani wageni wetu wanayajua haya na wanatuvumilia kwa adabu. Asubuhi ya leo tulikuwa tunakunywa chai ofisini kwangu. Profesa anayeongoza maabara yao akaweka kikombe chini, akaniuliza polepole, "Mzee, hospitali iko mbali?"

Nikashtuka. "Una nini, Profesa? Au ni chai yetu?"

"Mimi mzima. Tunataka kumjulia hali yule dada wa kuvu. Kila mwaka tunaambiwa anaumwa sana, ndiyo maana anakuja mtu mwingine. Tumemletea maua."

Waheshimiwa, nimefundisha tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na ugonjwa huo nimeusikia leo. Niliyatazama maua. Kisha nikachungulia dirishani, nikamwona mgonjwa anakata uwanja mbio, amekumbatia karatasi za mitihani ya mabosi wake, anamfokea mwanafunzi: "We! Kipindi kimeanza, bado unapiga soga? Twende!" Sauti ile, mabibi na mabwana, haikutoka katika mapafu mabovu.

Bwana mkalimani, naona umenyamaza. Endelea, tafadhali, wala usipunguze neno. Wageni hawakusafiri kuja kusikiliza kimya chako.

Sisemi kwamba yupo aliyedanganya. Huenda ni maradhi mapya, yanayompata mtu kila tiketi ya ndege inapokatwa na kumwachia mara tu mkubwa anapopaa. Madaktari wa kitivo cha tiba wayachunguze. Wafanye haraka, maana nasikia kwamba mwaka huu Mheshimiwa Makamu Mkuu atakwenda tena, akathibitishe kama baridi bado ipo.

Bi Kuvu, mwanangu, nakuona hapo mlangoni. Njoo mbele. Njoo, mama, usiogope. Futa hiyo chaki mkononi. Hapana, iache, wageni waione. Profesa, mgonjwa wetu ndiye huyu. Mpe maua yake.

Mheshimiwa Makamu Mkuu, mkataba uko mbele yako na kalamu unayo. Profesa ameniambia kwamba hatatia saini yake mpaka apate jibu la swali moja, nami nimemwahidi kulifikisha kwako lilivyo: je, amepona?

Mimi nakaa. Mgonjwa atabaki amesimama hapa mpaka ajibiwe.

Asanteni kwa kunisikiliza mimi. Sasa tumsikilize Mheshimiwa.